Soseji za Hénock na Swichi ya Ukutani

Soseji kumi na mbili zilikaa kwenye sufuria ya umeme kwa masaa sita na nusu, umeme ukiwepo nyumba nzima, na zikatoka mbichi kama zilivyoingia.

Jamani, nasema mbichi. Nyeupe pee, zimelala kwenye juisi ya tufaha na vitunguu, baridi kabisa.

Na aliyefunua mfuniko ni mama mkwe mtarajiwa.

Haya yalitokea hapa hapa Johannesburg, Bellevue, kwenye nyumba ninayopanga. Tangu siku ile kila mpangaji ana maelezo yake. Karimu wa chumba cha mbele anaapa kuna mkono wa mtu. Leo naongea mimi Chiku, mtoto wa Tanga, maana nilikuwepo na nilikaa kimya muda mrefu.

Mwenye soseji ni Hénock, Mkongo wa Lubumbashi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Kijana mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya, mlinzi kwenye maghorofa fulani kule Randburg.

Kijana safi. Ana ugonjwa mmoja tu.

Kuzima swichi.

Kazini kwake, kila zamu ikiisha, anazunguka korido zote za jengo, anazima kila kinachowaka, kisha anaandika kwenye daftari kwamba amezima. Sasa mkono ukishazoea haujui kama uko kazini au nyumbani. Karimu amezimiwa taa bafuni mara tatu, sabuni ikiwa machoni. Mimi nimezimiwa birika la chai nikiwa nimesimama pembeni yake.

"Hénock! Mimi sionekani?"

"Pardon, da Chiku. Mkono huu unaenda wenyewe."

Tulimsema, tulimtania, hakupona. Kumbukeni hilo.

Hénock alikuwa anampenda msichana anaitwa Carmel, msusi, wa kanisani kwao. Miaka miwili anampenda. Tatizo Carmel amelelewa na shangazi yake, Mama Thérèse, fundi cherehani wa Yeoville, na huyo mama hana mchezo.

Mama Thérèse ana utaratibu wake. Kabla familia haijapokea barua ya posa, anakuja mwenyewe kwa kijana, Jumapili baada ya ibada, na anakula. Chakula lazima kijana akipike kwa mkono wake, asiite dada wala jirani. Anasema mwanaume asiyeweza kumlisha mgeni mpaka aite mwanamke, huyo bado anahitaji mama, hahitaji mke.

Vijana wawili waliomtaka Carmel walishakwama kabla ya Hénock. Mmoja alinunua kuku mgahawani akamwaga kwenye sufuria yake. Mama Thérèse akaonja pilipili, akamtajia jina la mgahawa na jina la mpishi.

Yule mwingine hata sijui alifanya nini. Carmel akiulizwa anafunika uso.

Kwa hiyo zamu ilipomfikia Hénock, kijana alikonda. Ibada yao inaanza saa tatu asubuhi inaisha saa nane mchana. Yeye anaimba, hawezi kukosa, na Mama Thérèse anakaa benchi la pili anahesabu waliopo. Wakitoka wanakuja moja kwa moja mezani. Sasa atapika saa ngapi?

Mungu si Athumani. Wiki ile ile bibi mmoja wa Kijerumani, mkazi wa yale maghorofa anayolinda, alikuwa anahama, akamwachia zawadi ya kuagana. Sufuria ya umeme, ile ya udongo mzito ndani, ambayo unaiwasha asubuhi inapika polepole mpaka mchana. Na pakiti mbili za bratwurst kutoka kwa mchinjaji wake.

Bratwurst ni soseji za kwao, nono, za nguruwe. Bibi akamfundisha: panga vitunguu chini, laza soseji juu, mimina chupa moja ya bia, funika, weka moto mdogo, ondoka. Usifunue kuchungulia, maana kila ukifunua joto linakimbia. Ukirudi, zipitishe kwenye kikaango zipate rangi.

Hénock akarudi amebeba ile sufuria kifuani.

"Da Chiku, hii inapika yenyewe! Miye niko kanisani, yenyewe iko inapika!"

"Sufuria inayopika masaa sita? Hiyo si mashine, huyo ni mvivu."

Jina likakaa hapo hapo. Mvivu.

Ikaja habari ya bia. Mwimbaji wa kwaya ataingiaje duka la pombe Jumamosi, wakati nusu ya kanisa lake inaishi mtaa huo huo? Alipita mlangoni pale mara nne, akarudi na juisi ya tufaha.

"Bibi alisema hata hii inafaa," akaniambia.

"Alisema au umeota?"

"Alisema kidogo."

Haya. Jumapili ikafika, katikati ya Julai, baridi ya kukata masikio. Jiko letu la pamoja liko nyuma kwenye baraza iliyozibwa mabati, na asubuhi za Julai pale hata siagi unaikata kwa nguvu. Ukutani zipo plagi mbili, moja ilishakufa zamani. Umeme wa vyumbani hauwezi vitu vya moto, kwa hiyo pleti za umeme za kupikia, birika, pasi, vyote vinasubiri zamu kwenye ile moja.

Saa mbili kasoro Hénock, suti ya kijivu, tai nyekundu, akapanga vitunguu vyake akalaza soseji. Taa ndogo nyekundu ya Mvivu ikawaka. Akanigeukia.

"Da Chiku, uniombee. Huyu mama akikataa, miye nimekwisha."

Hapo sikumtania. Nilimwambia nenda, Mungu yupo.

Akaenda.

Mimi siku hiyo nilikuwa na harusi ya rafiki yangu Fauzia kule Mayfair, baada ya alasiri. Saa nane na nusu nilikuwa nimeshajipamba, nimekaa kwenye kiti jikoni namsubiri mtu wa kunipitia, nimevaa gauni langu la kijani lenye malinda. Ndipo wakaingia. Hénock mbele, Carmel nyuma yake kainamisha kichwa, halafu Mama Thérèse.

Mwanamke mfupi, mnene, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi wa cherehani. Alinisalimia vizuri. Akanitazama juu mpaka chini, nikaona nimependeza.

"Chakula kiko tayari, Mama," Hénock akasema, kifua mbele. "Kilipikwa tukiwa tunaomba."

"Ah bon? Nani alipika?"

"Miye, Mama. Niliweka asubuhi."

Mama Thérèse akashika mfuniko mwenyewe. Akafunua.

Hakuna mvuke, hakuna harufu. Soseji kumi na mbili zimelala kama zilivyolazwa.

Akachovya kidole kwenye juisi. Akakitoa, akakipangusa taratibu kwenye leso.

"Hénock, bantu ya kwenu banakula nyama mbichi?"

Carmel akatoa sauti ndogo kama ya kuku. Mimi nikatazama sakafu.

Hénock akamkodolea macho Mvivu. Taa nyekundu haipo. Akafuata waya kwa macho mpaka ukutani. Plagi imechomekwa vizuri. Swichi ya ukutani imezimwa.

Jamani, uso ule. Jasho lilimtoka Julai.

Karimu, ambaye hakualikwa na mtu lakini alikuwa mlangoni, akataka kumwokoa. "Eish, umeme huu! Unakatika ovyo siku hizi, Mama!"

Na hapo hapo friji ya kwenye korido ikanguruma. Redio ya Karimu mwenyewe ikawa inapiga chumbani kwake.

Mama Thérèse akavaa miwani. Akatazama swichi. Akatazama kizingiti cha dirisha juu yake, kisha akanitazama mimi, kisha akarudi kwa Hénock.

"Nani alizima?"

Njia zilikuwa nyingi. Nyumba ina wapangaji tisa. Angesema ni watoto, angesema ni hawa majirani, nani angembishia?

Hénock akasogea mbele.

"Ni miye, Mama."

"Weye?"

"Ni miye. Kazini ninazima kila kitu, mkono umezoea. Lazima nilizima wakati natoka, hata sikumbuki. Hakuna mutu mwingine wa kulaumu. Nisamehe, umekaa na njaa kwa sababu yangu."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mtu mzima na tai yake. Nilimwonea huruma.

Mama Thérèse akavuta kiti, akakaa, akapanga mkoba mapajani.

"Bon. Leta kikaango. Nitangoja."

Basi mwanaume akavua koti, akakunja mikono, akachomeka pleti. Bahati yake baridi ile ilikuwa friji ya bure, nyama haikuwa imeharibika. Akazikaanga zile soseji polepole, zikaiva mpaka ndani, vitunguu vikawa rangi ya asali, akasonga na bukari, yaani ugali wao, jasho likimdondoka. Mama Thérèse alikaa pale dakika zote arobaini, hakumsaidia hata kumshikia mwiko. Akala soseji tatu. Akaomba ya nne.

Alipomaliza akanawa mikono, akasimama.

"Huko nyumbani nilikuwa na kibanda cha kushona," akasema. "Kiliungua chote, sababu mutu aliacha pasi kwenye umeme akatoka. Mwanaume anayezima ukuta kabla hajatoka, nyumba yake haiungui. Leta barua yako."

Karimu alipiga kelele kama timu ya Soweto imefunga goli. Carmel akalia. Hénock akakaa chini, kwenye sakafu, na suruali yake ya suti.

Nami? Gari langu likaja. Nikaenda harusini nikacheza taarabu kwa nguvu kuliko bibi harusi.

Sasa ukweli.

Swichi niliizima mimi.

Ndiyo, mimi. Hénock alipotoka tu saa mbili, nikakumbuka gauni langu. Malinda yamelala. Plagi ni moja. Nikazima swichi, nikachomoa Mvivu, nikachomeka pasi, nikanyoosha malinda yangu moja moja. Nilipomaliza nikazima, nikachomoa pasi, nikaiweka dirishani, nikamrudishia Mvivu plagi yake vizuri kabisa.

Kuwasha nikasahau.

Na hakuna aliyenidhania, kwa sababu kila mtu anajua Chiku hasogelei nguruwe hata kwa mti mrefu. Kweli, sufuria sikuigusa, wallahi. Niligusa waya na ukuta tu. Nilijitetea hivyo moyoni kila nikipanda kitandani.

Hénock akisimulia jinsi mkono wake wa kuzima ulivyompatia mke, nacheka na wenzangu. Ndani naungua. Nikajisemea, si mambo yameisha vizuri? Niharibu ya nini? Barua ilishapokelewa, mahari ilishazungumzwa. Miezi ikapita, kumi na moja kamili.

Juzi juzi hapa nikaenda Yeoville kwa Mama Thérèse kupimwa nguo. Vitenge vya sare ya harusi ya Carmel, wanawake wote wa nyumba yetu tumeingizwa. Wenzangu walishachukua za kwao wiki mbili nyuma, mimi kila nikipiga simu naambiwa bado, kesho, keshokutwa. Hatimaye akaniita. Akanizungushia futi ya kitambaa kiunoni, pini mdomoni, tuko wawili tu.

Sijui nini kilinipata. Labda ni ile pasi yake kubwa mezani, ilikuwa inanitazama.

"Mama Thérèse," nikasema. "Ile swichi, siku ile ya soseji. Si Hénock. Ni mimi."

Hakushtuka. Akatoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa.

"Ninajua."

"Unajua?"

"Chiku, miye ni fundi. Miaka thelathini ninatazama nguo. Plagi moja, pasi dirishani juu yake, na weye umekaa pale na malinda imesimama kama maaskari ya gwaride. Ningeshindwa kujua?"

Nikamgeukia, pini ikanichoma kiunoni.

"Sasa mbona ulisema umempenda kwa kuzima? Mbona hukusema lolote?"

"Nilisema vile asijione mutakatifu, kichwa kingevimba." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kijana hakukumbuka alifanya au hakufanya. Nyumba ina bantu tisa. Yeye akachukua kosa akaliweka kwake, asimpe mutu mwingine. Angesema ni umeme, ningekula nikaenda zangu. Angekunyooshea weye kidole, hata kama ni kweli, ningeondoka na Carmel wangu. Akasema ni miye. Mutu kama huyo mtoto wangu atalala usingizi kwake."

Nilijiona mdogo kama sindano.

Akaendelea kunipima. Mabega. Mkono. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Na weye nilikungojea."

"Mimi?"

"Weye. Miezi kumi na moja, Chiku. Kila ukipiga simu kuuliza nguo, nilisema moyoni, labda leo. Sasa umesema. Rudi Alhamisi, itakuwa tayari."

Alhamisi nikarudi. Ilikuwa tayari, na imenikaa barabara. Akaniwekea malinda pande zote mbili, makusudi, mama yule.

Hénock nilimweleza jioni ile ile. Akanitazama, nikajua leo natukanwa.

"Da Chiku," akasema, "kwa hiyo miye sikuzima?"

"Hukuzima."

"Mungu wangu. Basi nimepona!"

Akainuka kwa furaha, akaenda zake chumbani, na njiani akatuzimia taa ya jikoni, mimi na Karimu tumekaa humo tunakula.

Ndugu zangu, kosa lako likibebwa na mwingine usifurahi kwamba limepita. Halijapita. Lipo kwa mtu anakupimia nguo, anakungojea useme. Sema mapema, hata kama mambo yaliisha vizuri.

Na ukipiga pasi kwenye plagi ya mwenzio, muwashie sufuria yake.