Zamu Iliyoonekana Ofisini, Isionekane Getini

Mwanangu, huko kote nilikohamia na kuhama, nikinusa tu zabibu zilizopigwa na jua, moyo wangu hurudi Dodoma, kwenye siku moja ya mavuno. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na kozi ya kompyuta, nikafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Enzi zile watu binafsi ndiyo wameanza kufungua viwanda, na kompyuta bado tukiifunika kitambaa jioni.

Wakulima walipokelewa kwa zamu, na zamu zilikuwa ndani ya kompyuta. Asubuhi hiyo Mzee Yohana alifika kutoka Chamwino na mkokoteni wa punda, umebeba zabibu zake zote za msimu. Neema, karani wa getini, akatazama kompyuta ya pale, akamwambia hana zamu. Mzee akanifuata ofisini. Nikafungua jina lake: zamu ipo, tena ya leo!

Nikapaza sauti dirishani, "Dada Neema, ipo!"

"Haipo!"

"Hebu soma vizuri!"

"Njoo usome wewe, mtaalamu!"

Tukabishana hivyo huku nyuki wakijaa kwenye kreti. Mzee Yohana alivua koti lake, akazifunika zabibu kama anayemfunika mtoto.

Nikaona nipite njia ya mkato: nimpe Neema ruhusa zote za kompyuta kama zangu, yaishe. Mama Sechelela, mkuu wetu, akanishika mkono.

"Mgeni kaomba maji, wewe unampa funguo za nyumba nzima? Kesho shemeji wa karani akija, zamu za watu zitahama. Kwanza, umekwenda kuketi pale anapoketi Neema?"

Sikuwa nimekwenda. Nikaenda, nikaingia kwenye programu kwa jina la Neema. Kweli, kisanduku cha zamu hakikuwepo kwenye skrini. Taarifa haikupotea; ila tulipobadilisha programu, makarani wa getini hawakupewa ruhusa ya kukiona. Mimi msimamizi wa programu niliona kila kitu, ndiyo maana sikuliona tatizo. Tukawapa ruhusa ya kusoma tu, si ya kubadili. Neema akatoka kwenye programu, akaingia upya.

"Haya, imekuja. Pita, babu, tusamehe."

Kreti za juu zilikwisha kuharibika. Zilizobaki zikapokelewa.

Mama Sechelela ametangulia mbele ya haki. Nimefanya kazi miji mingi tangu hapo, na katika yote natamani kumsikia akinigombeza walau mara moja tena.

Basi nakuusia, mwanangu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenzako akisema haoni, usimwite kipofu. Keti alipoketi, tazama anachokitazama, ndipo urekebishe. Na ukitoa ruhusa, toa inayotosha kazi, isizidi.

Mungu akuweke karibu na watu wanaokupenda kiasi cha kukukemea, na akupe moyo wa kuwashukuru wangali wanasikia.