Siku Mama wa Makumbusho Aliposhuka Mto

Mji mzima humwita dereva wa lori la maboti Breki, na si kwa kuwa ana sifa ya kuzitumia. Zamani, kiwanda cha mbao kilipokuwa bado kinanguruma juu ya daraja, breki zilimkatikia kwenye mteremko wa sokoni akiwa na shehena ya magogo. Akaliingiza lori moja kwa moja kwenye lundo la vumbi la mbao. Alitoka mzima, mweupe hadi nyusi, akauliza kama kuna mtu mwenye maji ya kunywa.

Baadaye kiwanda kilifungwa, msitu ukapumua, na wageni wakaanza kuja kushuka mto kwa maboti ya mpira. Breki akabadilisha mzigo tu. Asubuhi huwapandisha wageni na maboti yao hadi ukingo wa juu, kisha huteremka kwa barabara na kuwangoja kilomita kumi na mbili chini. Kwa hiyo anajua watu wa aina mbili: wakavu wanaocheka sana kwa woga, na waliolowa wanaosimulia wote kwa pamoja. Yanayotokea katikati hakuwahi kuyaona. Akiulizwa, husema, "Mimi ni mtu wa magurudumu."

Mkewe alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, kisha akapewa funguo za ofisi ya zamani ya kiwanda, iliyogeuzwa makumbusho. Ni vyumba viwili vya sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Ukutani kuna misumeno, pembeni buti za wafanyakazi, na picha kila mahali. Picha moja ilimnyima raha. Wanaume sita wamesimama majini hadi kiunoni, na nyuma yao kuna mwamba uliopigiliwa pete kubwa za chuma, magogo yamefungwa hapo kwa minyororo. Ni siku za kabla ya malori, magogo yalipokuwa yakiteremshwa kwa maji. Wa pili kutoka kushoto ni baba yake Breki. Mwamba ule uko wapi, hakuna aliyejua. Breki alipoulizwa alisema hakumbuki, akatoka kwenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Siku moja mgeni, msichana mwenye mkoba mgongoni, alimaliza kusikiliza historia yote akauliza, "Na wewe mama, huo mto umewahi kuushuka?"

Lilikuwa swali la mara ya mia, lakini safari hii halikutoka kichwani. Jioni, akikata vitunguu, akamwambia mumewe, "Jumamosi nashuka mto."

"Unashuka wapi?"

"Mtoni. Kiongozi wa boti ameshaniandika."

"Una miaka sitini na moja."

"Ndiyo maana sitaki kungoja sabini."

Breki akaeleza habari za mawe, habari za maji baridi, habari za mzee mmoja aliyeteguka bega. Mkewe alimsikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliosahau daftari nyumbani. "Umemaliza?" akauliza.

Wakanuniana siku mbili nzima. Chumvi iliombwa kwa kidole. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alipiga simu kuwajulia hali akajikuta amekuwa tarishi. "Baba, mama anasema koti lako liko kwenye kamba." "Mwambie nina macho."

Jumamosi mama hakukaa mbele. Alipanda nyuma na wageni, na Breki akawa anamchungulia kwenye kioo njia nzima. Ukingoni akavaa jaketi la kuelea na kofia ngumu iliyomkaa upande.  Breki akamkaza mkanda wa kofia chini ya kidevu, mara mbili.

"Utaninyonga," mkewe akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu Alhamisi.

Chini kule, Breki aliegesha lori akaanza kungoja. Boti la kwanza likafika, la pili likafika. La tatu, ambalo mkewe alikuwamo, kimya. Nusu saa ikapita. Watu waliolowa walikuwa wanakunywa chai na kusimuliana, naye akizunguka lori akipiga matairi teke kama anayekagua upepo.

Kiongozi wa boti la pili akamwambia, "Mzee, tulia. Walikuwa nyuma yetu mpaka kwenye kona ya mwamba mkubwa. Labda wamepata pancha."

Breki hakungoja amalize. Aliingia kichakani kando ya mto akapanda kwa miguu, goti likilalamika, mkono ukishika mizizi. Alipita kwenye kinjia ambacho wengine hawakujua kama kipo. Kichwani ilimjia ile chumvi ya kuombwa kwa kidole, akajiona mjinga wa mwisho.

Alitokeza sawasawa mbele ya mwamba. Ng'ambo ya maji, boti lilikuwa limelazwa juu ya mchanga na kiongozi wake anabandika kiraka. Wageni watano wameketi kwa mstari kama darasa, na mbele yao mkewe amesimama, maji yanamchuruzika, akielekeza kwa kafi la boti kwenye pete za chuma nyuma yake. Kutoka barabarani hazionekani kamwe, na wa kwenye maboti hupita pale kasi, macho yote kwenye maji.

Mkewe akamwona. Breki akapiga kelele, mkewe naye akapiga kelele, na mto ukawafunika wote wawili. Ikabidi waongee kwa mikono. Breki akauliza: umeumia? Mkewe akaonyesha mwamba. Akauliza tena. Mkewe akaonyesha mwamba tena, kisha akamfukuza kwa kiganja arudi kwenye lori. Breki akakaa kwanza juu ya jiwe.

Aliporejea, boti lilikuwa limemtangulia. Mkewe ameketi mlangoni mwa lori, taulo shingoni. "Umechelewa," akamwambia akicheka, na pengo likaonekana: jino lake la bandia lilikuwa limekwenda na maji. Breki alitaka kucheka naye, machozi yakamtangulia. Akajipangusa uso kama anayefuta jasho, na wageni wakapata ghafla jambo la kutazama kwingine.

Safari ya kurudi mama alikaa mbele. Walipomaliza kupanda mteremko akasema, "Ulitokea kichakani moja kwa moja pale. Kumbe ulikuwa unapajua."

Breki alibadilisha gia kabla ya kujibu. "Nilikuwa nampelekea baba chakula pale. Kile kinjia kilitokea shuleni."

"Mbona hukusema?"

"Kiwanda kilipoleta lori la kwanza kilitafuta dereva kijana. Nikalichukua mimi. Wiki ile ile watu wa mto wakaambiwa wakapumzike. Baba akawa anakaa sebuleni, na mimi nikiingia, yeye anatoka."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na zaidi. Halafu siku moja akaniuliza lori linakunywa mafuta kiasi gani. Nikajua amenisamehe. Lakini habari za mto hatukuzigusa tena mpaka tukamzika."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na minane, na hilo mkewe alikuwa hajawahi kulisikia.  Aliweka mkono wake wa baridi juu ya ule wa mumewe ulioshika gia, akauacha hapo, ingawa kwenye kona uliwatatiza.

Maji yalipopungua, Breki naye alipanda boti. Alikaa katikati, ameng'ang'ania kamba, macho amefumba mpaka alipoambiwa wamefika mwambani. Aliishika pete moja, ikamwachia kutu kiganjani, akaomba wangoje kidogo. Walimngoja.

Wiki hiyo mkewe alichukua kadi na kalamu, akamkalisha Breki mbele ya picha amtajie watu wote sita. Watano aliwataja bila kusita, mpaka na majina ya baba zao. Wa mwisho, yule wa pembeni kulia, jina lilimpotea kabisa. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa akipiga mluzi siku nzima, hata magogo yakimgonga. Mkewe akaandika hivyo hivyo: wa sita, aliyekuwa akipiga mluzi.