Sahihi ya Cliff Entwistle

Noreen Entwistle alikuwa na namna yake ya kupokea simu. Anasikiliza sekunde mbili tu, na akisikia sauti tamu ya mtu asiyemjua anasema, "Sijapata ajali, sidaiwi na mtu, na mume wangu amekufa," kisha anakata. Nyumba yetu na yake zinachangia ukuta mmoja, na kuta za hapa Accrington, kaskazini mwa Uingereza, hazizuii hata chafya, kwa hiyo maneno hayo niliyasikia mpaka nikayajua kwa moyo. Mwaka ule wa 2019 aliyasema mara nne, tano kwa siku.

Nyingi ya simu hizo zilihusu jambo moja. Miaka ya nyuma ulikuwa ukienda kukopa, benki inakubandikia na bima juu ya mkopo, eti ukiumwa au ukiachishwa kazi bima italipa deni. Wengine hawakujua kabisa kwamba wamebandikwa. Wengine walijua, ila bima yenyewe isingewafaa hata siku moja. Mabenki yalipobanwa yakaambiwa yarudishe pesa za watu, na mwisho wa kudai ukawekwa, tarehe ishirini na tisa Agosti 2019. Basi wakazuka madalali wa madai. Wanakupigia uko chooni, wanakupigia uko mazishini, wanataka wakudaie chako halafu wao wachukue theluthi. Nilikuwa nimewachoka kuliko nilivyoyachoka mabenki.

Mtaani kwetu karibu kila nyumba ilikuwa imeshadai. Mimi mwenyewe nilipata pauni mia tisa na kidogo, nikazitia kwenye paa la nyuma. Noreen peke yake alikaza shingo.

"Cliff alisaini," alikuwa akisema. "Mtu akishasaini amesaini, kipenzi. Usinichoshe."

Kwake kila mtu ni kipenzi: mimi, muuza samaki na chipsi, hata paka asiye na mwenyewe. Nilipohamia hapa mwaka 1993, na adabu zangu za kwetu, nilimwita Mama Noreen. Akanitazama juu mpaka chini akasema, "Mama? Nilikuzaa lini mimi?" Tangu siku hiyo namwita Noreen kavukavu, ingawa ulimi mpaka leo unasita. Alikuwa mpishi wa shule. Miaka thelathini na moja aliwapakulia watoto viazi vya kuponda, na kama mtoto hataki karoti anawekewa mbili zaidi.

Cliff, mumewe, alikuwa msafisha madirisha. Alikuwa na ngazi, ndoo, na gari dogo la kubebea hiyo ngazi, na kununua hilo gari ndiko kulikowapeleka benki. Walikopa pauni elfu nne mwaka 1996, wakasaini wote wawili, Cliff mkopaji wa kwanza, Noreen wa pili. Juu yake wakawekewa bima ya pauni kumi na nane kila mwezi. Miaka miwili baadaye Cliff akadondoka kutoka ghorofani, mgongo ukavunjika. Noreen akawapigia watu wa bima bila wasiwasi wowote. Wakamjibu kwamba bima ile ni ya mtu aliyeajiriwa, na mtu anayejitafutia mwenyewe haimhusu. Haikuwahi kumhusu tangu mwezi wa kwanza.

Deni walilimaliza kwa mshahara wa viazi vya kuponda, tena kwa kujinyima hasa. Na katika miaka hiyo nilisikia kupitia ukutani sentensi moja ambayo ningefurahi kama nisingeisikia. "Ulisaini bila kusoma, Cliff." Hakuwa akiipigia kelele. Aliisema akiosha vyombo, akikunja nguo, akihesabu sarafu za kulipia gesi. Cliff alinyamaza. Alikuwa mpole, upole ule wa kumuudhi mtu. Lakini toka hapo hakutia sahihi kwenye kitu chochote tena. Mtu wa posta akileta kifurushi, utamsikia, "Noreen! Njoo utie sahihi!" Kadi ya siku ya kuzaliwa anaandikiwa jina lake na mkewe. Deni lilipokwisha alisubiri tarehe tano Novemba, siku mtaa mzima unapowasha moto wake wa kila mwaka, akabeba karatasi zote za benki na kuzitupa humo pamoja na lile sanamu la matambara linalochomwa kila mwaka. Watu wakapiga makofi. Alikufa mwaka 2014, kwa moyo, akiwa bado anatembea ameinama upande.

Sasa ile Julai ya 2019 nilikuwa jikoni kwa Noreen, mvua inanyesha, tunakunywa chai. Simu ikalia, akasema yake, akakata. Nami sijui nini kilinipanda.

"Noreen, hebu niambie. Mtu wa benki anamuuzia msafisha madirisha bima isiyomfaa msafisha madirisha. Kosa la nani hilo?"

"La Cliff. Hakusoma."

"Benki wenyewe wanasema ni lao! Mimi barua yangu ninayo, wameandika, kosa lilikuwa letu."

Akashusha kikombe. "Wameandika? Kwenye karatasi?"

"Kwenye karatasi, na nembo yao juu."

Akazungusha kikombe kwenye kisahani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo nisiyoizoea, "Na Cliff je, wataandika jina lake?"

"Wataandika. Yeye ndiye mkopaji wa kwanza."

"Pesa hata wasinipe," akasema. "Nataka iandikwe kwamba hakuwa mjinga. Basi. Naipeleka kaburini kwake, nayasahau."

Tukaanza kazi hiyo ya kuchosha. Dakika arobaini tulisikilizishwa muziki, Noreen amelaza simu juu ya meza kama samaki wa kuparwa, mpaka alipopokea binti mmoja wa benki.

"Namba ya mkopo tafadhali?"

"Sina. Mume wangu alizichoma karatasi zote."

"Alizichoma?"

"Novemba tano."

"Aa," binti akasema, "hata babu yangu." Akatutumia fomu bila namba.

Tulijaza kurasa saba. Kila swali lilitaka tarehe, na kila tarehe Noreen aliitafuta kwa chakula cha shule: mwaka ule waliacha kupika maini, mwaka ule jiko la gesi lililipuka. Tukaipeleka posta wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe ikafika, ikapita. Madalali wa bima wakapungua, wakabaki wale wa ajali na wa mitambo ya umeme wa jua, na Noreen akaendelea kuwapa vidonge vyao.

Mwishoni mwa Septemba akagonga ukuta mara tatu, ishara yake ya kuniita. Nikamkuta na barua mkononi. Benki wanasikitika. Wamempigia simu mara tatu wamuulize mambo machache, hawakufanikiwa kuzungumza naye. Watajaribu tena ndani ya siku kumi na nne. Wasipompata, wataamua kwa karatasi walizonazo.

"Waongo wakubwa," akasema. "Hajanipigia mtu."

Nikafungua mdomo nimuunge mkono, ndipo nikakumbuka. Jumanne niliisikia simu yake ikilia saa tatu asubuhi, na sauti yake ikipenya ukutani. Sijapata ajali, sidaiwi na mtu, na mume wangu amekufa. Nilicheka, nilikuwa nanyoa ndevu.

"Noreen, umewakatia simu benki."

"Sijawakatia."

"Umewakatia, tena mara tatu. Wanapiga kwa namba isiyoonekana, sawasawa na wale matapeli."

Akakaa chini. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilitaka kumtikisa. Karatasi walizonazo zilikuwa zipi? Za Cliff zilikuwa majivu. Wakiamua bila maneno yake watasema hapana, na Cliff atabaki mjinga kwa maandishi, maana kukataliwa nako huja na nembo juu.

Kwa hiyo Noreen Entwistle akapokea simu. Siku tisa alimpokea kila mtu, na hakumkatia hata mmoja. Mimi zamu yangu ya kufua mashuka ya hospitali ilikuwa ya mchana, hivyo asubuhi nilikaa naye. "Hapana, kipenzi, sijapata ajali, lakini asante kwa kuuliza." Mmoja wa mitambo ya umeme wa jua aliagana naye akiwa ameshaambiwa habari zote za goti la kushoto la Noreen. Mwingine alikata simu mwenyewe, na Noreen akaitazama ile simu kwa mshangao. "Kumbe inauma," akasema.

Siku ya kumi ikalia, sauti ya mwanamke, lafudhi ya Uskoti, haina haraka. Akajitambulisha kuwa Moira, wa benki, kitengo cha malalamiko. Noreen akabonyeza spika ili na mimi nisikie.

"Bi Entwistle, siku mnakopa, afisa wetu aliuliza kazi ya mumeo?"

"Aliuliza. Cliff akamwambia, nasafisha madirisha, sina bosi."

"Vizuri. Na bima, aliwaambia kwamba ni hiari, kwamba mnaweza kukataa?"

Noreen akaivuta simu karibu, akaisukuma tena. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Bi Entwistle? Uko hapo?"

"Cliff aliuliza," akasema. "Alimuuliza yule bwana, hii bima itanisaidia nini mtu kama mimi? Yule bwana akasema ni kawaida, kila mtu anachukua. Cliff akasema, basi nipe nisome kwanza." Akanyoosha kitambaa cha meza. "Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kuna foleni nyuma yetu, watu wanatutazama. Nimevaa koti langu zuri. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia, Cliff, usitutie aibu, bwana wa watu ana kazi zake. Saini twende."

Nimeishi na watu hawa miaka ishirini na sita, najua uzito wa jambo lile. Huku mtu akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi. Kubishana na mwenye tai mbele ya foleni, bora uvue suruali.

"Alisaini bila kusoma kwa sababu mimi nilimwambia," Noreen akasema. "Halafu nikamsimanga. Miaka kumi na sita namsimanga, na yeye siku moja hajanijibu kwamba ni wewe, Noreen, ulinikanyaga mguu. Andika hilo."

Moira akasema, "Nitaandika kwamba aliuliza na hakujibiwa. Hilo ndilo ninalolihitaji."

"Andika na la mguu."

"La mguu halina mahali kwenye fomu, Bi Entwistle," Moira akasema, kwa upole kabisa. "Pole sana."

Simu ilipokatika Noreen alisimama akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikachukua kitambaa nikamkaushia. Miaka yote ile nilidhani anakataa kudai kwa ukaidi, kumbe alikuwa anaogopa kuulizwa. Nilijiona mpumbavu, mimi na hasira zangu juu ya mabenki.

Barua ikaja Novemba, Jumamosi, siku nne baada ya moto wa mtaa. Pauni elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Hakuziangalia. Alinipa nimsomee kile kipande cha katikati, nikakisoma mara tatu. "Bwana Clifford Entwistle alitoa taarifa sahihi kuhusu kazi yake, na aliuliza swali la msingi ambalo halikujibiwa na mfanyakazi wetu. Kosa lilikuwa letu."

"Letu," akasema Noreen. "Na mimi nimo humo kwenye letu?"

"Humo ni benki."

"Basi haijatosha," akasema. Lakini aliikunja taratibu, akaiweka chini ya saa ya mezani, mahali pa vitu vya Cliff.

Ikabaki fomu ya kukubali malipo, kurasa tatu, na mwisho wake mistari miwili ya sahihi. Kwenye mstari wa mkopaji wa pili akatia yake upesi. Kwenye wa kwanza kalamu ikasimama.

"Hapo unasaini kwa niaba yake," nikamwonyesha. "Imeandikwa pembeni."

"Kwa niaba yake."

"Ndiyo." Nikatazama saa. Posta yetu Jumamosi inafunga saa sita, ilikuwa imebaki robo saa, na mimi nilikuwa nimechoka na jambo hili kupita kiasi. "Noreen, posta watafunga. Saini twende."

Akainua macho. Nikasikia nilichokisema, nikatamani ardhi inimeze.

Hakunisema. Aliweka kalamu chini, akavaa miwani, akairudisha fomu mpaka ukurasa wa kwanza, akavuta karibu kiti kilichokuwa upande wake, kile ambacho Cliff alipenda kukalia kwa ajili ya mgongo.

"Ngoja nimsomee kwanza," akasema.

Akaanza kusoma kwa sauti, kila neno, hata zile herufi ndogo za chini, kidole kikifuata mstari. Posta ilifungwa tukiwa ukurasa wa pili.