Mama Alipokatazwa Kucheka

Mama alikuwa na madoa meusi mashavuni, yaliyomtoka alipokuwa na mimba ya mdogo wangu. Hayakumsumbua hata kidogo mpaka baba alipotuma salamu kwamba Krismasi atakuja. Baba alikuwa fundi wa reli, amepelekwa kazi mbali, nasi tulibaki kwenye landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwaka mzima hawakuwa wameonana. Basi mama akanunua sokoni chupa ndogo ya dawa ya kutoa madoa, akajipaka, akalala nayo. Kulipokucha uso ulikuwa umevimba, na ngozi ikaanza kubanduka na kutoa maji.

Dresa wa hospitali, mfunga vidonda, alimwonya asiibandue. Itatoka yenyewe ikiwa tayari. Kazi iliyobaki aliichukua nyanya, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kututembelea. Alichana shuka kuukuu la pamba ya marekani, akachemsha vitambaa, akavilowesha maji ya chumvi kidogo. Alivibadilisha kabla havijakauka, maana kitambaa kikavu huondoka na ngozi. Kiangazi kile upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, kwa hiyo mlangoni alitundika blanketi lililolowa. Siku hizi nikisikia harufu ya nguo zinazochemka, natamani nirudi chumba kile, na vumbi lake lote.

Kisha nyanya akaweka sheria yake: mama asicheke. Ngozi ya kona ya mdomo ikipasuka, itaacha kovu. Sheria gani hiyo, jamani, na mchekeshaji mkuu wa landhi nzima alikuwa nyanya mwenyewe!

"Wewe msichana," alimwambia akimbandika kitambaa, "ulitaka kumenywa kama kiazi? Mwanangu hakuoa kiazi. Na usicheke!"

Mama alinishika mkono akaufinya mpaka nikalia, ili tu asicheke.

Baba alipofika, ngozi ya zamani ilikuwa imekwisha kutoka, na mpya ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Ilibaki ile kona ya mdomo tu. Nyanya alikuwa ameenda bombani kuteka maji. Mama alisema "Karibu" bila kufungua mdomo, uso mkavu kabisa. Baba akaketi. Chai ikapoa mbele yake. Alimtazama mama, akatazama sanduku lake, jasho likaanza kumtoka.

"Mama watoto," akasema, "kama kuna maneno umeletewa, ni ya uongo. Mimi sina mwanamke mwingine huko."

Mama hakuwa ameletewa neno lolote. Niliona mabega yake yakitikisika, kisha akaangua kicheko ambacho majirani walikisikia. Kona ya mdomo ikapasuka, damu ikatoka. Nyanya akaingia na debe lake akifoka, na baba, bado haelewi kitu, akachukua kitambaa kibichi akaanza kumpangusa mwenyewe.

Madoa yalirudi yote. Kovu nalo likabaki, dogo kama punje ya mchele. Kila alipoondoka kurudi kazini, baba aliligusa kwa kidole mbele yetu sote, jambo ambalo wanaume wa landhi hawakulifanya. Niliona haya wakati ule. Sasa naona tulikuwa na bahati.

Siku tulipomzika baba, mama hakulia. Alisimama ameweka kidole chake kwenye kona ya mdomo, na hakukiondoa mpaka kaburi likafunikwa.