Twiga wa barabara ya Katavi

Sina picha. Naomba mniamini tu.

Leo mjomba alitupakia kwenye gari lake, mimi na bibi, twende Katavi kuona wanyama. Bibi kanung'unika njia nzima. "Niache ulezi wangu shambani nikaangalie wanyama? Mbuzi si ninao?"

Na mjue, hapa kwetu Mpui hakuna aliyebaki anayemzidi bibi umri. Sijawahi kumsikia akimwamkia mtu. Yeye huamkiwa tu.

Basi tunakata kona, twiga huyu hapa, katikati ya barabara!

Mjomba kafunga breki. Kwenye kioo cha mbele nilikuwa naona miguu tu. Ikabidi niiname mpaka kwenye dashibodi ndipo nikaiona shingo inapanda, inapanda, halafu macho kule juu, makubwa, yametulia, yanatutazama sisi.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Niliisahau kabisa.

Mjomba akapeleka mkono kwenye honi. Bibi akafoka kutoka kiti cha nyuma, "Wee! Thubutu!"

Halafu akainama palepale alipokaa, akapiga makofi taratibu, vile Wafipa tunavyowasalimu wakubwa.

"Shikamoo."

Nikacheka. Jamani, kosa! "Wewe hukufundishwa adabu?"

Nikaamkia. Mjomba naye akavua kofia, akaamkia.

Twiga akatikisa sikio, akaingia porini bila haraka.

Jioni hii jirani kamuuliza bibi ameona nini huko.

"Nimeonana na mkubwa wangu."