Siku Nilipompigia Papa Magoti Jukwaani

Siku moja naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa msichana wa kwanza katika kikundi cha maigizo hapa Kasongo. Kabla yangu, mke wa mtu mchezoni alikuwa mvulana aliyefungwa kikwembe, kitenge cha kike, na watu walicheka hata palipotakiwa machozi.

Papa, yaani baba yangu, muuza vitambaa, mtu wa msikiti, alimjibu kwa kifupi mwalimu wetu wa maigizo alipomwomba ruhusa: "Acheze mara moja. Nitaona kwanza." Kwa hiyo yote yalitegemea siku hiyo. Nikiharibu, wavulana wanarudishiwa vikwembe, na mimi narudi jikoni.

Nilicheza mke mkali wa mlevi. Mwalimu mwenyewe ndiye mume. Nilianza vizuri mno! Nilimfokea, nikampokonya kibuyu, wamama waliokaa kwenye mikeka wakapiga vigelegele.

"Mupige huyo!" mmoja akapaza sauti. "Na wangu iko hapa, utamumalizia!"

Ndipo nikamwona Papa akiingia, kofia nyeupe kichwani. Kwetu binti mwenye adabu habaki amesimama baba yake akifika. Magoti yakakunjika yenyewe. Katikati ya ugomvi ule nikainamisha macho, nikasema taratibu, "Karibu, Papa."

Mara mvulana aliyekuwa na nafasi yangu zamani akapiga mluzi: "Munirudishie kikwembe changu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Papa hakuketi. Alisema kwa sauti yake ya sokoni: "Miye nilikuja kuona muke wa ule mulevi. Iko wapi? Mutoto wangu namuona kila siku ku nyumba."

Nikasimama, mwanangu! Nikamgeukia mwalimu, nikamfokea mpaka akasahau maneno yake. Nilipomtazama tena Papa, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Njiani kurudi aliniuliza tu, "Kabambare munaenda kucheza lini? Utachukua kitambaa kipya dukani. Kile kikwembe ulichovaa kimechakaa."

Tulikwenda Kabambare, tukaenda Wamaza kwa miguu, tukafika hadi Nyangwe. Baadaye nikawa mwalimu, na hadi leo nawafundisha wasichana kuigiza. Karibu kila mwaka mmoja wao humwona mjomba wake kati ya watazamaji, na magoti yanaanza kulegea. Hapo ndipo namsimulia haya.

Usinielewe vibaya. Nyumbani piga magoti, tena kwa moyo. Lakini ukikabidhiwa kazi mbele ya watu, fahamu kwamba kuna aliyetembea kutoka kijijini Lusangi kuja kuiona. Ukijificha nyuma ya adabu, unamnyima alichokifuata, na mzazi wako unamnyima zaidi ya wote. Kumpa kazi iliyokamilika, hiyo nayo ni heshima.

Basi Mungu akuimarishe magoti, mwanangu. Akupe sauti ya kufika mkeka wa nyuma kabisa. Na siku yako ikifika, amlete mzazi wako aketi mbele, akutafute pale jukwaani, asimwone mtoto wake, amwone yule unayemwigiza.