Neno la Siri Lililogoma

Wiki iliyopita nilipita kwa jirani yangu, mama wa Kihindi anayesafirisha samaki, nikamkuta ameshika simu kwa mikono miwili. Kompyuta yake ya sebuleni ameiunganisha na laini ya pili ya simu, ili wanunuzi walio mbali waingie wachukue nakala za vyeti vya maabara. Asubuhi ile mnunuzi wa Nairobi alikuwa anakataliwa. Kila akiandika neno la siri, anajibiwa si sahihi. Gari la minofu lilikuwa limekwama mpakani likisubiri cheti, na barafu inayeyuka.

Mama alizima kompyuta, akaiwasha. Akachomoa waya wa simu, akaupuliza, akaurudisha. Mnunuzi akapiga: bado.

Akamgeukia karani wake, Msukuma wa Magu, aliyeiandaa ile kompyuta. "Kaka, uliweka neno gani?"

"Lile ulilonitajia, mama. Karamu."

"Nilisema kalamu."

"Ndiyo, karamu."

"Hebu liandike."

Karani akaandika kwa kidole juu ya meza, taratibu. Kwenye herufi ya tatu mama akamshika mkono.

Akamwambia mnunuzi aandike karamu, ile ya kula. Kisha sauti kwenye simu ikasema, "Nimeingia."

Mimi ninayeishi kwa kalamu nilitaka kucheka, lakini mama alikuwa bado hajaweka simu chini.

"Nilirekebishe sasa, mama?" karani akauliza.

"Usiguse kitu," akasema, "mpaka samaki wavuke."